Protini ya vidole vya zinki inagoma kutambua bakteria: dalili, sababu na marekebisho

Malalamiko kuhusu protini hizi, zinazotengenezwa ili zishike DNA ya bakteria kwenye vipimo, hufanana mno. "Haishiki." "Inashika kila kitu." "Mwezi uliopita ilikuwa nzuri." "Kwenye DNA ya kununua inafanya kazi, kwenye bakteria haifanyi." Na karibu kila anayelalamika amekwisha kuamua kwamba kosa liko kwenye usanifu wa protini, anataka kuagiza jeni jipya. Subiri kwanza. Jeni jipya ni fedha, na ni wiki za kungoja mzigo, ilhali mara nyingi mkosaji ni chupa ya bafa iliyopo hapo hapo kwenye rafu.

Mfano nitakaoufuata ni E. coli O157:H7, na shabaha yetu ni kipande kifupi cha jeni la stx2, lenye maelekezo ya kutengeneza sumu ya Shiga. Bakteria huyu alijulikana kuwa chanzo cha ugonjwa mwaka 1982, baada ya watu wa Oregon na Michigan nchini Marekani kuugua kwa kula hambaga zisizoiva vizuri. Anaanza na kuhara damu, na kwa baadhi ya wagonjwa, hasa watoto wadogo, anaishia kwenye figo kushindwa kufanya kazi.

Kwa asiyezoea: kidole cha zinki ni kipande cha protini chenye asidi amino kama 30, kilichojikunja kuzunguka ioni moja ya zinki. Ioni hiyo inashikwa na sisteini mbili na histidini mbili. Kidole kimoja husoma takriban herufi tatu za DNA. Unganisha sita, unasoma herufi 18. Aaron Klug na wenzake kule Cambridge ndio waliovieleza vidole hivi mwaka 1985, kwenye protini ya chura aina ya Xenopus, na mwaka 1991 Pavletich na Pabo wakachapisha picha ya protini ya Zif268 ikiwa imeikumbatia DNA. Kinachowavutia watengeneza vipimo ni kwamba protini hii husoma DNA ikiwa bado na nyuzi zake mbili, hakuna haja ya kuipasha moto ili nyuzi ziachane.

Ukishaelewa kwamba zinki ndiyo inayoshikilia mkunjo wote, nusu ya mwongozo huu umeshaukisia.

Kabla ya dalili yoyote: mirija mitano

Usianze kutafuta ugonjwa bila kontroli. Kila unapopima, weka mrija wa bafa na kiashiria tu. Mrija wa protini bila DNA. Mrija wa protini na oligo (kipande kifupi cha DNA cha kuagiza kiwandani) yenye shabaha. Mrija wa protini na oligo ileile iliyobadilishwa herufi katika kila kundi la herufi tatu. Na mrija wa sampuli bila protini kabisa. Huu wa mwisho ndio watu huuruka, na ndio utakaotuokoa kwenye dalili ya tano. Oligo zako ziwe za nyuzi mbili zilizopashwa moto pamoja na kupoa polepole. Ukitumia uzi mmoja protini haitashika, na haina kosa lolote.

Dalili ya 1: Protini haionekani kwenye jeli, au yote imebaki kwenye mashapo

Kwanza hakikisha unatafuta mstari mahali pake. Vidole sita peke yake ni kama kilodaltoni 20. Vikiunganishwa na protini ya MBP, ambayo ni kama 42, tafuta mstari karibu na 63. Wapo walioitupa protini nzuri kwa sababu waliutafuta mstari wa 20.

Kama protini ipo lakini imeganda kwenye mashapo baada ya kupasua seli, sababu ya kawaida ni joto na haraka. Seli za BL21(DE3), yaani E. coli wa maabara wa kutengenezea protini, zikiamshwa na IPTG nyingi (kemikali inayowasha jeni lako) kwa nyuzi 37, hutengeneza protini kwa kasi kuliko inavyoweza kujikunja. Shusha joto hadi nyuzi 18 usiku kucha, punguza IPTG hadi milimola 0.1 au 0.2. Sababu ya pili: chakula cha bakteria hakina zinki ya kutosha. Ongeza kloridi ya zinki, mikromola 50 hadi 100, wakati ule ule wa kuweka IPTG. Yote mawili yakishindikana, hamia kwenye plazimidi (DNA ya duara inayobeba jeni lako) inayounganisha MBP, maana protini hiyo husaidia mwenzake kuyeyuka. Kuyeyusha madonge kwa urea kisha kuyakunja upya kunawezekana, ila mimi hukuweka mwisho kabisa. Utapata protini, lakini hutajua ni asilimia ngapi imejikunja sawasawa.

Kama haipo popote, soma upya mfuatano wa plazimidi kabla ya kufanya jambo jingine. Vidole hufanana, na jeni lenye vipande vinavyojirudia hupenda kupoteza kipande kimoja au viwili ndani ya bakteria. Plazimidi iliyoanza na vidole sita inaweza kukurudishia vinne.

Dalili ya 2: Protini ni safi, mstari ni mmoja, lakini haishiki hata oligo yake

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko, kwa hiyo tutakaa hapa.

Anza na EDTA. Kazi yake ni kunyakua metali, na zinki inaipenda mno. Watu husema "mimi sikuweka EDTA", na kweli hawakuiweka kwa mkono wao. Iliingia kwa milango mingine. Oligo ziliyeyushwa kwenye bafa ya TE, yenye milimola 1 ya EDTA. Vidonge vya kuzuia vimeng'enya vinavyokula protini, vile vinavyotiwa wakati wa kupasua seli, vingi vina EDTA. Nunua aina isiyo nayo. Bafa ya kutolea DNA kwenye vifaa vya kusafishia huwa nayo mara nyingine, soma karatasi iliyokuja na boksi. Na kama unatumia EMSA, ile jeli ya kuona kama DNA imechelewa baada ya kushikwa, bafa yake ya kawaida ni TBE, na E hiyo ni EDTA. Protini inaingia kwenye jeli ikiwa imeshika, inanyang'anywa zinki njiani, inaachia. Wewe unaona DNA iliyokimbia peke yake, unaandika kwenye daftari "haishiki". Tumia Tris na borati tu.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: yeyusha oligo upya kwenye Tris ya milimola 10 bila EDTA, rudia kipimo. Kama ishara imerudi, umemaliza.

Bado? Angalia bafa ya protini yenyewe. Bafa ya fosfati, ile PBS iliyoko kila maabara, hutengeneza fosfati ya zinki isiyoyeyuka, na zinki yako inakaa chini ya mrija kama unga. Bafa inayotumika sana kwa vidole vya zinki ni ya Tris yenye pH 7.5, KCl ya milimola 90, MgCl2 ya milimola 1, na zinki ya mikromola 90 hadi 100. Usidhani ukizidisha zinki ndiyo bora. Ikifika milimola kadhaa protini inageuka ukungu, na ukungu huo utausoma kwenye mashine kama ishara.

Kisha sisteini. Zinapooksidika hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuiachia zinki. Ndiyo maana tunaweka DTT, kemikali inayozuia oksidisho hilo. Lakini DTT haidumu: kwa nyuzi 20 na pH 7.5, nusu yake inapotea kwa takriban saa 10. Ukipandisha pH hadi 8.5, ni kama saa moja na nusu tu. Bafa iliyotiwa DTT wiki iliyopita haina DTT. Itie siku unayotumia. TCEP, inayofanya kazi hiyo hiyo, ni imara zaidi na haigombanii zinki kama DTT, kwa hiyo bajeti ikiruhusu ichague hiyo.

Sababu inayofuata haitajwi sana: kolamu ya nikeli. Protini yenye mkia wa histidini ikisafishwa humo, ioni za nikeli zinaweza kuvuja na kukaa mahali pa zinki. Ukiona rezini imegeuka rangi ya kahawia, ujue DTT imeshaichokoza nikeli. Baada ya kolamu, fanya dayalisisi (loweka protini ndani ya mfuko wenye vitundu vidogo) kwenye bafa ya zinki, badilisha bafa mara mbili au tatu. Rezini ya amilosi, ile inayonasa MBP, haina shida hii.

Pima pia protini kwenye mwanga wa nanomita 260 na 280. Protini safi hutoa uwiano wa 260 kwa 280 karibu 0.6. Ukiona umezidi 1, protini yako imekuja na DNA ya bakteria waliyoitengeneza, imejaa tayari, haina nafasi ya shabaha yako. Isafishe kwa chumvi ya mola 1 ikiwa bado kwenye kolamu, au ipitishe kwenye kolamu ya heparini.

Sasa, na sasa tu, laumu usanifu. Na uanze na kosa la aibu kuliko yote, ambalo hata wazoefu hulifanya: mpangilio uliogeuzwa. Protini hukaa kinyume na uelekeo wa DNA. Kidole cha kwanza, kilicho upande wa mwanzo wa protini, husoma herufi tatu za mwisho, upande wa 3′; kidole cha mwisho husoma herufi za mwanzo, upande wa 5′. Ukivipanga kama unavyosoma maandishi kutoka kushoto, umeunda protini nzuri ya shabaha isiyokuwepo. Hili unaweza kulithibitisha kwa gharama ndogo: agiza oligo yenye makundi ya herufi tatu yaliyopangwa kinyume, uone kama inashikwa.

Baada ya hapo, tazama herufi zenyewe. Vidole vinavyosoma makundi yanayoanza na G ndivyo vinavyoaminika zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuunganisha vidole kama matofali, kila kimoja kikichukuliwa kwenye orodha, hushindwa mara nyingi kuliko watu walivyokuwa wakitangaza, hasa pale makundi ya G yanapokuwa machache. Sababu mojawapo ni kwamba kidole hakijali mipaka yetu: asidi amino yake moja hugusa herufi ya jirani, kwa hiyo kidole kizuri peke yake kinaweza kugombana na mwenzake. Ukiwa na vidole sita vilivyounganishwa vyote kwa kiungo cha kawaida cha TGEKP, mvutano huongezeka kadiri protini inavyozunguka DNA. Kurefusha kiungo kidogo baada ya kila vidole viwili husaidia.

Kama kipande cha stx2 ulichochagua hakina makundi ya G ya kutosha, sogea mbele au nyuma kwenye jeni; jeni ni refu, hakuna aliyekufunga kwenye herufi hizo 18. Au hamia kwenye TALE, protini za aina nyingine zinazosoma DNA, ambako kila kipande cha asidi amino 33 hadi 35 husoma herufi moja, na kanuni yake, iliyofumbuliwa mwaka 2009, ni nyepesi, jozi ya asidi amino ndani ya kipande huamua herufi: HD kwa C, NG kwa T, NI kwa A, NN kwa G ingawa NN huikubali A pia. Shabaha yake itanguliwe na T. (TALE zilitoka kwa bakteria wa Xanthomonas wanaoshambulia mimea, baadhi ya ndugu zao ndio wanaonyausha majani ya mihogo huku kwetu.) Lakini TALE ni kubwa, na jeni lake linajirudia hata zaidi, kwa hiyo onyo la dalili ya kwanza kuhusu vipande vinavyopotea lirudie mara mbili.

Simama hapa kama unafikia hatua ya EMSA kwa fosforasi yenye mionzi bila kibali na bila mtu aliyefunzwa. Rangi zinazong'aa zinatosha. Na akrilamidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva: glovu kila mara, na unga wake usipimwe nje ya kabati la hewa.

Dalili ya 3: Inashika kila DNA uliyoipa

Mrija wa nne, ule wa oligo iliyobadilishwa, unatoa ishara sawa na wa tatu. Protini hizi zina chaji chanya nyingi, na DNA ni hasi. Kuvutana tu ni jambo la kawaida. Ongeza KCl hadi milimola 150, kisha 200. Weka DNA ya kushindana, kama poly(dI-dC) au ya manii ya samaki aina ya salmoni, nyingi kuliko shabaha. Punguza protini: watu wengi hutumia mara mia ya kiasi kinachohitajika, na kwa kiasi hicho hata protini bora hukosa adabu.

Ikiendelea, hesabu vidole. Protini ya vidole vitatu husoma herufi 9, na mpangilio wowote wa herufi 9 hutokea kwa bahati mara moja katika kila nafasi 262,144. Jenomu ya O157:H7 ina jozi milioni 5.5 hivi, na ukihesabu nyuzi zote mbili unapata nafasi milioni 11. Yaani shabaha yako itajitokeza kwa bahati mara 40 hivi, na mara 35 kwa E. coli asiye na madhara mwenye jozi milioni 4.6. Hapo protini haijakosea, wewe ndiye uliyeipa anwani fupi. Herufi 18 zina mipangilio zaidi ya bilioni 68, na tatizo hilo linakwisha. Njia nyingine ni kutumia protini mbili za vidole vitatu, kila moja ikiwa na nusu ya kimeng'enya, na rangi inatokea pale tu zote mbili zinapokaa jirani. Usanifu huo ndio uliotumika kwenye mfumo unaoitwa SEER, uliotoka Arizona katikati ya miaka ya 2000.

Dalili ya 4: Kwenye oligo inafanya kazi vizuri, kwenye DNA ya bakteria kimya

Kabla ya yote fanya hesabu, kwa sababu hapa ndipo matumaini mengi yanapozikwa. Bakteria mmoja ana nakala moja tu, au chache sana, za stx2. Bakteria milioni 1 kwenye mililita moja ni nakala milioni moja, sawa na femtomola 1.7. Oligo uliyokuwa ukijaribia ilikuwa ya nanomola kumi au mia. Nanomola moja ni nakala bilioni 600 kwa mililita. Hata ukiwakuza bakteria usiku kucha hadi bilioni moja kwa mililita, bado uko kwenye pikomola 1.7. Kwa hiyo kama kipimo chako kinaanza kuona kwenye nanomola, kimya unachokisikia ndicho jibu sahihi.

Suluhisho ni kuzidisha nakala au kuzidisha ishara. PCR fupi (njia ya kunakili DNA mara nyingi) ya kipande cha jozi 200 hukupa mamia ya nanomola kwa urahisi, na hapo protini ina kazi ya kuthibitisha kwamba kilichozidishwa ni stx2 kweli. Anayekuambia protini itaona bakteria kumi kwenye glasi ya maji bila kuzidisha chochote, mwombe akuonyeshe mrija wake wa pili na wa tano.

Kama nakala zinatosha na bado kimya, kagua haya kwa mfuatano. Mabaki ya proteinezi K, iliyotumika kusafisha DNA, yanaila protini yako. Pasha DNA nyuzi 95 kwa dakika 10, au isafishe tena. Kumbuka kwamba baada ya joto hilo nyuzi zimeachana, kwa hiyo zipoze polepole. Kwa DNA ndefu ya jenomu hazitarudiana vizuri, na kuisafisha kwa kolamu ni bora. Kisha EDTA tena, kutoka kwenye bafa ya kutolea. Kisha RNA, ambayo huja nyingi na kuivuta protini pembeni, tumia RNase, kimeng'enya kinachoikata. Kisha urefu: DNA ya jenomu nzima ni nzito kama uji, ikate kwa kimeng'enya kisichogusa shabaha.

Halafu kuna jambo ambalo oligo haiwezi kukuonyesha. E. coli huweka alama za methili kwenye DNA yake: kimeng'enya cha Dam huiweka kwenye A ya GATC, na Dcm kwenye C ya pili ya CCAGG au CCTGG. Oligo ya kiwandani haina alama hizo, na wala kipande cha PCR hakina. Kama shabaha yako imepita juu ya mojawapo, protini inaweza kukataa DNA halisi na kuikubali ya kutengenezwa. Kwa TALE hili ni maarufu. HD huipenda C tupu, yenye methili haiitaki. Tafuta mifuatano hiyo kwenye shabaha yako leo hii, ni kazi ya dakika mbili.

Mwisho, huenda jeni halipo. stx2 hubebwa na virusi vya bakteria vilivyojificha ndani ya jenomu, na bakteria anaweza kuvipoteza akioteshwa tena na tena kwenye maabara. Pia stx2 ina aina ndogo ndogo, a, b, c na kuendelea, na herufi zake zinatofautiana. Panga mifuatano ya aina zote kwenye kompyuta, uchague herufi 18 ambazo hazibadiliki.

Simama hapa kama huna maabara ya ngazi ya 2 ya usalama wa kibayolojia au ya juu zaidi, kadiri kanuni za nchi yako zinavyodai. Bakteria wachache, hata chini ya mia, wanatosha kumwambukiza mtu. Wanafunzi wasioteshe O157:H7 hai ili tu kurekebisha kipimo. Tumia DNA iliyosafishwa kutoka maabara yenye idhini, au kipande kifupi cha jeni. Kipande, si jeni zima: huhitaji sumu kamili ndani ya plazimidi yako, na kamati ya usalama ya chuo itakuuliza kwa nini unayo.

Dalili ya 5: Rangi au mwanga kila mrija

Hapa tunautazama mrija wa tano, wa sampuli bila protini. Ukitoa rangi, protini haihusiki.

Kama kiashiria chako ni kimeng'enya cha peroksidezi na TMB, kemikali inayogeuka bluu, jiulize sampuli ni nini. Maziwa mabichi yana laktoperoksidezi yake yenyewe, na yataigeuza TMB bluu bila bakteria hata mmoja. Damu hufanya hivyo pia, na mboga za majani zina peroksidezi tele. Usiweke sampuli ghafi. Toa DNA kwanza. Kinyume chake kikitokea, yaani bluu inakataa kabisa, tafuta DTT, kwa sababu inaila peroksidi ya hidrojeni, au azidi ya sodiamu, ile dawa ya kuzuia ukungu kwenye chupa za kingamwili, ambayo huiua peroksidezi.

Kama kiashiria ni beta-laktamezi iliyogawanywa nusu mbili, na nitrosefini inageuka nyekundu kutoka njano, kuna mitego miwili. Bakteria wengi sugu kwa ampisilini wanatengeneza kimeng'enya hicho wenyewe, na kwenye maji machafu ya mijini hutawakosa. Wa pili ni wa kuchekesha: plazimidi nyingi za kutengenezea protini huchaguliwa kwa ampisilini, maana yake zinabeba jeni la beta-laktamezi nzima, na inakuja pamoja na protini yako. Hamisha jeni kwenye plazimidi ya kanamaisini.

Na kama unatumia karatasi za grafini oksidi zinazozima mwanga wa nukta kwamtamu (chembe ndogo mno zinazong'aa) zilizobandikwa kwenye protini, kumbuka mwanga unarudi wakati protini inapoachana na grafini, si wakati inaposhika DNA. Albumini, sabuni ya Tween, au protini nyingine yoyote ya sampuli inaweza kuisukuma itoke. Watafiti wa Western Kentucky University wametumia njia hii kutambua jeni la usugu kwa tetrasaiklini, lakini kwa DNA, si kwa uji wa kinyesi.

Dalili ya 6: Ilikuwa nzuri, sasa imekufa

Umeme ulikatika. Kama friza imepanda na kushuka, protini iliyogandishwa na kuyeyuka mara kadhaa imepoteza nguvu. Igawe kwenye mirija midogo siku ya kwanza, yenye gliseroli asilimia 20 hadi 50, kila mmoja wa matumizi ya siku moja. Sababu nyingine ni zile zile: DTT ya zamani, kopo jipya la bafa lililotengenezwa na mtu mwingine, mrija wa oligo mpya uliofika kwenye TE. Uliza nani alitengeneza bafa wiki hii kabla ya kuuliza kitu kingine. Unaweza pia kuijaribu kuifufua: ongeza DTT mpya ya milimola 5 pamoja na zinki ya mikromola 100, iache kwenye barafu saa moja, upime. Ikirudi, ilikuwa imepoteza zinki. Isiporudi, itupe.

Dalili ya 7: Kipimo kinapingana na PCR au na kuotesha

Protini inasema ndiyo, sahani haioti kitu. Inawezekana DNA ni ya bakteria waliokwisha kufa, au ya virusi vyenyewe vinavyoelea nje ya bakteria vikiwa na stx2. Kipimo cha DNA hakijui aliye hai. Rangi ya PMA, inayoingia kwenye seli zilizokufa tu na kuifunga DNA yake chini ya mwanga, hupunguza tatizo hili kwa bakteria, kwa virusi haisaidii.

PCR inasema ndiyo, protini hapana: rudi kwenye hesabu ya dalili ya 4, kisha kwenye aina ndogo za stx2.

Na hapa kuna mpaka ambao usiuvuke hata kama mirija yote mitano imekaa sawa. Kipimo kilichojengwa na kurekebishwa kwenye benchi hakitoi majibu ya mgonjwa. Mtu anayehara damu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na sampuli yake ishughulikiwe na maabara ya hospitali au ya rufaa kwa vipimo vilivyoidhinishwa. Asipewe antibayotiki za dukani wakati anasubiri, wala dawa za kufunga kuhara. Kwa O157:H7 baadhi ya antibayotiki zinaweza kuwachochea bakteria watoe sumu zaidi, na uamuzi huo ni wa daktari. Kama mkojo umepungua, uso umevimba au mtoto amepauka na kulegea, usingoje matokeo ya kipimo chochote.